Wasaidizi wa Walezi

Rehema mwanangu,

Amani iwe nawe kabla sijasema lolote. Leo nimefunga duka mapema, na tangu niliporudi kutoka swala ya alasiri nimekaa hapa barazani juu ya gunia la maharagwe, maana viti vyote vimejaa mizigo yako. Mama yako amelala. Wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako mjini, na kesho ni safari.

Sitakuandikia habari za koti zito, wala chakula cha halali, wala namna ya kutunza pasipoti. Hayo umeshaambiwa na msikiti mzima, na wengi waliokuambia hawajavuka hata mpaka wa Suam. Nataka kukuandikia yale ambayo ukiwa mbele yangu ulimi wangu huyakwepa. Unakwenda Ujerumani kuusoma ugonjwa wa mama yako ndani ya seli. Mimi nimeusoma humu nyumbani, na sikuwa mwanafunzi mzuri.

Mama yako nilimwona kwanza Kachibora, siku ya soko. Nilikuwa nikinunua mahindi kwa wakulima, naye alikuwa amekuja kutoka Kabuchai na shangazi yake kuuza vitunguu. Mpakiaji wangu hakutokea siku hiyo. Nilikuwa nahangaika na magunia peke yangu, yeye akaja bila kuitwa, akashika ncha moja, mimi nyingine, tukalirusha gunia kwenye lori. Aliyepepesuka ni mimi. Alicheka, akarudi kwenye vitunguu vyake. Wazazi wake walimwita Nafula kwa sababu alizaliwa wakati wa mvua. Jina la Mariamu alilichukua aliposilimu tukaoana. Nakuandikia haya kwa sababu wewe humkumbuki akiwa na nguvu, au unamkumbuka kidogo sana, na ningependa kuwe na mtu mwingine anayejua kwamba mwanamke huyu alipata kunishinda kubeba gunia la mahindi.

Nilipokwenda Kabuchai kujitambulisha, babu yako alitoka ndani akiyumba. Mikono ilimrukaruka, uso ulimkunjamana na kukunjuka, na chai aliyopewa iliishia kifuani. Pale kijijini walishamaliza kesi yake: mlevi. Nami nilikuwa kijana mwenye kiburi cha dini. Nilimpa ncha za vidole nikaangalia pembeni. Mzee yule alikuwa mzee wa kanisa, hakuonja pombe maisha yake yote. Nilikuja kuambiwa hivyo siku ya mazishi yake, na hata siku hiyo nilidhani watu wanamsitiri marehemu.

Ulikuwa darasa la nne mama yako alipoanza kuugua. Kwanza zilikuja hasira. Mwanamke ambaye wateja walikuja dukani kwa ajili ya upole wake alianza kugombana nao juu ya mkebe mmoja wa kupimia, gorogoro moja ya maharagwe. Kisha vidole vyake vikawa vinachezacheza hata akiwa amekaa kimya. Kisha vikombe. Mimi niliona kuwa amenikasirikia na anavivunja makusudi. Nilimnunulia vikombe vya plastiki, nikamwambia mbele ya jirani kwamba hivyo ndivyo vikombe vya watoto wadogo. Ulikuwepo, uliinama ukaanza kuokota vigae vya kile cha mwisho.

Baadaye nilipoona kuwa si hasira, nilianza kumtafutia dawa, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Watu husema mgonjwa hafi kwa matumaini. Mimi nimeona matumaini yakimmaliza mtu. Kulikuwa na shehe aliyesema ni majini, akamsomea wiki nzima na kumnyima usingizi. Ndugu zake wa Bungoma walisema tumpeleke kwenye maombi, nikakubali mimi Mwislamu, akafungishwa bila kula mpaka akaanguka. Kulikuwa na mganga ng'ambo ya Suam, upande wa Uganda, ambaye alimchanja mikono yote miwili na kupaka unga mweusi. Vidonda vilioza. Unazijua zile alama, umeziosha mara nyingi. Kila tulipotoka mahali nilimwambia, "Mariamu, hii sasa ndiyo yenyewe." Naye kila mara alivaa vizuri, akafunga leso yake ya safari, akapanda nami. Hakuwahi kuniuliza tunaenda wapi. Nadhani alijua kabla yangu. Alimwona baba yake akipita njia hiyo. Alikuwa akisafiri kwa ajili yangu mimi, na mimi sikumwona amechoka.

Daktari wa Eldoret ndiye aliyetuambia. Alikuwa kijana, pengine mkubwa kidogo tu kuliko ulivyo wewe sasa, na alizungumza taratibu. Alimwambia mama yako anyooshe ulimi na autulize nje, ulimi ukashindwa kukaa. Akauliza juu ya baba yake. Akauliza juu ya baba wa baba yake. Kisha akasema ugonjwa huu una jina la daktari wa Kizungu wa zamani, kwamba unarithiwa kwa damu, kwamba hauna dawa, na kwamba kila mtoto wa mwenye nao ana nusu ya uwezekano wa kuupata. Nilimuuliza nusu maana yake nini. Akasema, "Ni kama kurusha shilingi, mzee. Kila mtoto na shilingi yake."

Wewe ulikuwa nje kwenye benchi, umevaa sare ya shule, unakula mandazi. Nilipotoka uliniuliza kama tumepata dawa. Nilikuambia tumepata. Tulipofika nyumbani nilikuonyesha vidonge alivyopewa mama yako vya kutuliza mikono, ukavihesabu kuwa ndiyo hiyo dawa. Ulipofika sekondari uliacha kuniuliza, nami nikafurahi kwamba umeacha.

Mwaka ule ulipokuwa darasa la saba ndipo mama yako mdogo Nekesa alipokuja. Alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja wa huko Kabuchai, mahari imeshazungumzwa. Aliniambia, "Shemeji, nakaa tu mpaka dada ashike nguvu." Sote tulijua dada hashiki nguvu. Mwalimu alingoja mwaka mmoja, na wa pili, kisha akaoa kwingine. Nekesa alipoambiwa habari hiyo alikuwa akimsuka mama yako nywele, na aliendelea kusuka.

Bila yeye nisingeweza. Unajua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mama yako asianguke, nikimwogesha, nikimlisha. Lakini Nekesa ndiye aliyejua saa ngapi ameanza kuchoka, chakula kipi kitamsakama, siku gani asiguswe kabisa. Alikuwa akinitangulia. Nikifika kwa mama yako nakuta kazi imeshapangwa, iliyobaki ni mikono yangu tu. Na siku niliposema tunaweza kujaribu tena mganga mwingine, wa Kapsokwony, ni yeye aliyesimama mlangoni akasema, "Hapana, shemeji. Hii wacha ikae vile iko." Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho, ile ambayo hatukwenda.

Basi ukaenda chuo kikuu Nairobi. Likizo ile ya mwaka wako wa pili ulirudi na maneno mapya. Nakumbuka tulivyokaa jikoni, mvua ikinyesha, Nekesa akichambua mboga, mama yako amekaa kwenye kiti chake tulichokiwekea mito. Ulituambia kwamba ndani ya kila seli kuna protini, na kila protini huanza ikiwa kama uzi mrefu ambao lazima ujikunje vizuri ndipo ufanye kazi. Kwamba joto likizidi, au njaa, au sumu, nyuzi nyingi hufunguka na kutaka kunatana. Ndipo seli inapoita protini nyingine za kuzishika na kuzisaidia kujikunja upya. Hizo ukaziita walezi. Halafu ukasema walezi hawafanyi kazi peke yao. Wana wasaidizi. Wasaidizi hao ndio wanaomtafuta aliyepinda na kumleta kwa mlezi, wanamwambia mlezi shika sasa, achia sasa. Na wako wengine ambao kazi yao ni kukata shauri kwamba huyu hatengenezeki tena, apelekwe akavunjwevunjwe.

Ukasema kwamba kwa mama yako kuna protini moja iliyozaliwa na mkia mrefu kupita kiasi. Haikunjiki. Inashikamana na wenzake mpaka inakuwa donge. Walezi wanakuja, wasaidizi wanakuja, wanajaribu, na mwisho wengine wananasa humo humo dongeni. Kazi nyingine zote za seli zinabaki hazina mtu. Hapo seli inaanza kufa.

Ulikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuona. Kwa miaka mingi tuliambiwa laana, tukaambiwa majini, na sasa wewe ulikuwa na jambo lenye sura. Mama yako alikuwa akikutazama tu, kichwa kikimtikisika. Sikuelewa yote lakini nilielewa kwamba una akili, na hiyo ilinitosha.

Nekesa ndiye aliyeuliza. Alisema, "Na hao wasaidizi wa walezi, nao wakishikwa, nani anawasaidia?"

Ukasema, "Hakuna, mama mdogo. Ndiyo shida yenyewe."

Akaendelea na mboga zake. Mimi sikuona kitu. Wiki uliyorudi chuoni alinijia dukani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasimama mpaka wateja walipoondoka. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta. Akaniambia nitazame. Vidole vilikuwa vinacheza.

"Shemeji, hii mkono imeanza," alisema. "Si leo. Ni tangu Rehema aingie form one. Nilikuwa naficha kwa leso."

Miaka yote hiyo, Rehema. Alikuwa akimlisha mama yako kwa mkono wa kulia na ule wa kushoto ameufunga ndani ya leso, nasi tukidhani ni mtindo wake wa kuvaa. Nilimwambia basi arudi Kabuchai akapumzike, nitatafuta msichana wa kazi. Akasema, "Kupumzika nipumzikie nini? Huko watasema nimelewa kama baba." Nilipotaka kukupigia simu alinikataza. Alisema una mtihani.

Uliporudi ulikuta wote wawili wanaumwa. Hujui miezi iliyotangulia ilivyokuwa. Nekesa alikuwa akimlisha mama yako, na kijiko kinapotea njia, na mama yako anacheka, naye anacheka, uji umewapaka wote wawili. Kuna siku niliwakuta wamekaa sakafuni wameshikana mabega kwa sababu mmoja alianguka akimwinua mwenzake na hakuna aliyeweza kusimama. Walikuwa wanaimba wimbo wa Kibukusu wa mama yao. Nilikaa nao chini. Sikuwa na nguvu ya kuinua hata mmoja kwa dakika ile, na sikutaka.

Kifo cha Nekesa unakijua. Uji ulipita njia ya hewa ukaenda mapafuni, ikaja homa, ikamchukua kabla hujashuka kutoka Nairobi. Tulimzika Kabuchai kando ya baba yake, karibu na shamba la miwa. Ila kuna jambo ambalo sikukuambia kwa sababu ulikuwa unalia sana. Usiku wa kuamkia siku ile bado alikuwa ananiuliza kama dada yake amekula.

Mama yako mpaka leo huuliza alipo. Mwanzoni nilimwambia amekufa, naye akapata msiba kila asubuhi kama mpya. Sasa nasema ameenda sokoni. Nimemdanganya mtoto juu ya vidonge, namdanganya mgonjwa juu ya maiti. Siku hizi nauona uongo huu kuwa ni kazi kama kufagia. Sikuombi uige.

Baada ya arobaini ya Nekesa ndipo uliponiambia umepata nafasi ya masomo. Tulikuwa wawili nyuma ya duka. Ulinieleza kwamba huko wanajaribu kuwaongeza wasaidizi wa walezi ndani ya seli, ili kuona kama protini ile inaweza kuzuiwa kabla haijawa donge. Ukasema kwa nzi wa matunda imefanya kazi: nzi waliotiwa ugonjwa huu walikuwa wanaharibika macho, na walipoongezewa wasaidizi macho yao yalipona.

Nikakuuliza, "Na wanyama wakubwa?"

Ukasema kwa panya imesaidia kidogo, si sana.

Nikakuuliza, "Na mama yako?"

Ungeweza kuniambia chochote. Nilikuwa tayari kuamini, mwili mzima ulikuwa umeshaanza kuamini, ungesema mwaka mmoja ningehesabu mwaka mmoja. Ulinitazama ukasema, "Hapana, baba. Mama hapana. Hata wakipata leo, mpaka ifike kwa watu, mama hatakuwepo."

Nilikwenda nje nikajifanya napanga magunia. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nikifikiri kwamba kwa miaka yote hii, baada ya yule daktari wa Eldoret, wewe ndiwe mtu wa kwanza ambaye hakuniuzia kitu. Shehe, mchungaji, mganga, hata mimi mwenyewe nilipokuwa nazungumza na moyo wangu, wote tulikuwa wauzaji. Kama kuna jambo moja la kwenda nalo huko, nenda na hilo. Utakutana na watu kama mimi, wamekuja kutoka mbali na wamevaa vizuri, watakuuliza swali lile lile. Wajibu ulivyonijibu. Inauma, lakini mtu anarudi nyumbani kwake akijua yuko wapi.

Nzi wamepona, basi. Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa namlisha mama yako. Kuna wakati linanichekesha na kuna wakati nataka kuvunja kitu. Simwombei Mungu tena kwamba apone. Namwomba asisakamwe.

Sikutumi, Rehema. Majirani wanasema unakwenda kumletea mama yako dawa, na najua imamu naye atasema hivyo kesho atakapokuombea dua. Waache waseme. Mama yako amepitwa, Nekesa amepitwa. Mlango wa dawa haufunguki kwa ajili yao, na kama utajifunga huko maabara ukidhani unaweza kuufungua kwa bidii, utanasa kama walivyonasa wale wasaidizi uliotusimulia. Nenda kwa sababu kazi hii unaipenda. Niliona uso wako siku ile jikoni. Kama unayoyafanya hayatafaa kitu, niambie kwamba hayakufaa. Mimi nimezoea.

Na yule uliyemtaja mara moja kwenye simu ukadhani sikusikia, yule mwenzako wa darasa wa Webuye, mwambie habari ya nyumba yetu kabla ya mahari, si baada. Mimi niliingia kwa mama yako nikiwa kipofu, na sijutii, lakini nilimtukana babu yako kwa sababu ya upofu huo. Kijana akikimbia, amekimbia. Akibaki, atakuwa amejua anashika nini.

Sasa nakuja kwa lile swali ulilouliza juzi. Ulikuwa unakunja nguo, ukasema bila kugeuka kwamba huko unakokwenda wanaweza kukupima damu, wakakuambia kama unao au huna. Ukaniuliza, "Nikipimwa, utataka kujua?" Nikasema tutaona, nikatoka kwenda kumnywesha mama yako maji ambayo hakuyaomba.

Sina ushauri wa kukupa kama upimwe au usipimwe. Nekesa aliniambia mara moja kwamba angejua mapema angemwachilia mwalimu wake zamani asimpotezee wakati. Mara nyingine aliniambia ile miaka aliyokuwa hajui ndiyo miaka pekee aliyokuwa nayo. Yote mawili aliyasema kwa kweli. Nami nikikutazama unavyoshika kalamu, unavyomimina chai, nakuchunguza kama mwizi anavyochunguza dirisha, na nimefanya hivyo tangu ile siku ya mandazi. Ukiangusha kitu moyo wangu unasimama. Nimechoka kukutazama hivyo. Kutokuwepo kwako kutanipumzisha macho, Mungu anisamehe kwa kuandika hivi.

Lakini kama utapimwa, ndiyo, nataka kujua. Usinisitiri. Ukikuta huna, niambie nilale. Ukikuta unao, niambie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mama yako alianza akiwa na miaka thelathini na minne. Nimepiga hesabu: ukianza umri huo, mimi nitakuwa nakaribia sabini. Nitaacha sigara. Nitakwenda kupimwa presha kama daktari anavyoniambia kila mara nami nikimpuuza. Nitatembea asubuhi. Mzee wa miaka sabini aliyejitunza bado anaweza kumlisha mtu.

Ni mimi,
Baba yako